Jinsi ya kurudia kemia ya msingi bila kukariri kila kitu

Wanafunzi wengi wakikaa kurudia kemia wanafungua daftari ukurasa wa kwanza wanasoma kama hadithi mpaka usingizi unawapitia, au wanakimbilia moli moja kwa moja kwa sababu ndo mada inayowatisha. Njia zote mbili hazisaidii. Kemia ya mwanzo imepandiana, atomu inakupa valensi (idadi ya elektroni inazotoa au inazohitaji), valensi inakupa fomula, fomula inakupa ikwesheni, ikwesheni ndo inakupa hesabu za moli, sasa mtu akikwama kwenye moli mara nyingi tatizo lake haliko kwenye moli kabisa, liko huko nyuma kwenye fomula. Rudia kwa mpangilio huo na usiruke.

Anza na elementi 20 za kwanza. Zinazojulikana ziko 118 lakini hizi kuanzia haidrojeni mpaka kalsiamu lazima zikae kichwani, jina, alama na namba ya atomu, hapa kukariri hakukwepeki. Namba ya atomu ni idadi ya protoni basi, ukibadilisha protoni umepata elementi nyingine. Nyutroni zikitofautiana elementi inabaki ile ile ila ni isotopu tofauti, ndo maana uzito wa atomu ya klorini kwenye jedwali la elementi umeandikwa 35.5, sio kwamba kuna nusu nyutroni mahali, ni wastani wa klorini-35 na klorini-37, na ile 35 ndo nyingi zaidi, karibu robo tatu. Hilo swali la 35.5 linapenda kutoka kwenye mitihani, lielewe vizuri.

Halafu chukua karatasi tupu, panga elektroni za hizo 20 kwa mkono wako mwenyewe, 2 ganda la kwanza, 8 la pili, la tatu jaza 8 kisha ndo uingie la nne (kwa hizi 20 inatosha). Sodiamu 2,8,1. Klorini 2,8,7. Kalsiamu 2,8,8,2. Ukimaliza zitazame zote pamoja na jedwali pembeni utaona zile zenye elektroni 1 nje ziko kundi moja, zenye 7 ziko kundi moja, na idadi ya maganda ndo namba ya mstari. Mendeleev, mwanakemia wa Urusi, alipanga jedwali lake mwaka 1869 wakati elektroni hata haijagunduliwa, alifuata tabia za elementi tu, akaacha nafasi wazi za zile ambazo hazijapatikana, na galiamu ikaja kupatikana 1875 ikakaa kwenye nafasi yake. Kwa hiyo usilichukulie jedwali kama picha ya kubandika ukutani, tabia ya elementi unaisoma pale ilipokaa.

Sasa valensi. Atomu inataka ganda la nje lijae, yenye 1, 2 au 3 nje inazitoa, yenye 6 au 7 inatafuta za kujazia. Magnesiamu inatoa 2, klorini inahitaji 1, basi klorini zinatakiwa mbili, MgCl2. Aluminiamu 3 na oksijeni 2, unavusha namba zao, ya kila moja inakwenda chini ya mwenzake, Al2O3. Magnesiamu na oksijeni zote 2 zinakatana, unaandika MgO sio Mg2O2. Radikali hizi (vikundi vya atomu vinavyotembea pamoja vikiwa na chaji) kariri na chaji zake: NO3, OH na NH4 ni 1, SO4 na CO3 ni 2, na katika hizo tano NH4 peke yake ndo chaji chanya. Mabano msiyadharau jamani, Ca(OH)2 maana yake OH ziko mbili, ukiandika CaOH2 umesema kitu kingine na maksi imeondoka.

Kubalansi ikwesheni, yaani kufanya atomu za kila elementi zilingane pande zote mbili, ndo pa kukaa muda mrefu. Sheria kubwa ni moja, namba ndogo iliyo ndani ya fomula haiguswi, unaongeza namba kubwa mbele tu. Mtu anaona oksijeni imepungua anageuza H2O kuwa H2O2, hiyo sio maji tena, ni haidrojeni peroksaidi, kitu tofauti kabisa. Chukua propeni... hapana, hilo ni jina la gesi nyingine, tunataka propani, C3H8, ikiungua kwenye oksijeni inatoa CO2 na H2O. Anza na kaboni, ziko 3, weka 3CO2. Haidrojeni 8, weka 4H2O. Oksijeni iache mwisho kwa sababu upande wa kushoto imesimama peke yake, unaweza kuirekebisha bila kuharibu nyingine, kulia zimefika 6 na 4 jumla 10, basi 5O2. Imeisha. Ukijaribu butani C4H10 utapata oksijeni 13 ambayo haigawanyiki kwa 2, usiogope, zidisha kila kitu mara mbili: 2C4H10 + 13O2 → 8CO2 + 10H2O. Fanya za aina hii nyingi mpaka mkono uzoee.

Moli ni idadi kama dazeni ilivyo idadi, ila yenyewe ni kubwa mno, 6.022 × 10²³. Uzuri wake ni kwamba moli 1 ya kitu uzito wake kwa gramu ni ile jumla ya uzito wa atomu zake kwenye jedwali, maji 18, CaCO3 ni 40 + 12 + 48 = 100. Hesabu karibu zote zinapita njia moja, gramu kwenda moli, moli kwenda moli kwa kutumia ikwesheni, kisha moli kurudi gramu. Mfano CaCO3 → CaO + CO2, una gramu 25 za CaCO3, gawanya kwa 100 unapata moli 0.25, ikwesheni inasema 1 kwa 1 kwa hiyo CO2 nayo moli 0.25, zidisha kwa 44, gramu 11. Wanaokosea wengi wanachukua namba za mbele ya fomula wanazifanya gramu, wakati zile ni moli.

Asidi na besi zitakuwa nyepesi ukishafika hapa. Asidi na besi zinatoa chumvi na maji, asidi na kaboneti zinatoa chumvi, maji na CO2, asidi na metali inayoizidi haidrojeni nguvu zinatoa chumvi na haidrojeni (shaba haimo, haifanyi chochote kwenye HCl). Kwenye pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) kumbuka kila hatua moja ni mara 10, yaani pH 3 ina asidi mara 100 kuliko pH 5, sio mara mbili.

Kujipima, funga daftari uandike ikwesheni ya aluminiamu haidroksaidi na asidi ya salfuriki kutokana na majina tu, halafu tafuta gramu 39 za hiyo haidroksaidi zitatoa chumvi kiasi gani. Ukikwama kwenye fomula rudi kwenye valensi, zikikataa kulingana rudi kwenye kubalansi. Ikwesheni ni 2Al(OH)3 + 3H2SO4 → Al2(SO4)3 + 6H2O, haidroksaidi ni 78 kwa moli kwa hiyo una moli 0.5, chumvi inatoka nusu yake 0.25, zidisha kwa 342, gramu 85.5.