Kamera ya Kwanza ya DSLR: Pima Chumba Kabla ya Kununua Lenzi

Mtu anayetaka kununua kamera yake ya kwanza huuliza ni ipi iliyo nzuri, na swali hilo halijibiki mpaka aseme atapiga picha wapi, za nani na kwa mwanga gani. Anayetaka picha za watoto wake sebuleni jioni, anayetarajia kuitwa kwenye shughuli za ukumbini na anayefuatilia ndege wa mikokoni wanahitaji vifaa tofauti, hata kama wote watatu wamejiwekea akiba ileile. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, fungua simu yako, pitia picha mia moja ulizopiga karibuni, kisha uhesabu ngapi zilipigwa ndani ya nyumba, ngapi nje, na ngapi ulizivuta kwa vidole mpaka zikaharibika. Hesabu hiyo ina thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

DSLR ni kamera yenye kioo ndani ya bodi, yaani mwili wa kamera bila lenzi. Kioo hicho hupokea mwanga unaopita kwenye lenzi na kuupeleka juu hadi kwenye kitundu cha kuchungulia. Unapobonyeza kitufe kioo hunyanyuka, shata, yaani pazia dogo lililo nyuma yake, hufunguka, na mwanga huangukia sensa, kipande cha kielektroniki kinachonasa picha. Kampuni kubwa zimehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na wapo wanaomwambia kila anayeanza kwamba DSLR zimepitwa na wakati. Mimi naona kwamba huu ndio wakati mzuri wa kuzinunua, kwa sababu wapiga picha wengi waliohama wanauza bodi na lenzi zao, na mtu mwenye fedha kidogo anaweza kupata kifaa ambacho miaka michache iliyopita asingekigusa. Pia, kwa kuwa unachungulia kupitia kioo na si kupitia skrini, betri hudumu sana: Nikon D3500 ya mwaka 2018 hukadiriwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja, jambo la maana mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa.

Megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, zisikusumbue. Kamera ya megapikseli 12 inatosha kuchapisha picha safi ya ukubwa wa A4, na DSLR karibu zote zinazouzwa leo, hata zilizotumika, zina idadi hiyo au zaidi.

Fedha nyingi zielekezwe kwenye lenzi. Kamera za wanaoanza huuzwa pamoja na lenzi ya kuvuta ya 18-55mm, ambayo kwenye urefu wa 55mm haifungui tundu lake la kuingizia mwanga zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Mchana, nje, lenzi hiyo ni nzuri kabisa na sipendi kusikia watu wakiidharau. Taabu huanza jua likizama. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya ule unaopita kwenye f/5.6, maana yake ni kwamba, katika ukumbi ambamo lenzi ya kwanza inakulazimisha kutumia shata ya 1/15 ya sekunde, ya pili inakuruhusu kutumia 1/125. Kwa 1/15 bibi harusi anayegeuza shingo anatoka na sura iliyofifia kama rangi iliyopitishwa mkono ikiwa mbichi. Kwa 1/125 unaona hata kope zake. Usidanganyike na herufi IS au VR zilizoandikwa ubavuni mwa lenzi. Herufi hizo zina maana kwamba lenzi hutuliza mtikisiko wa mikono yako, lakini haimzuii mtoto anayekimbia.

Ndiyo maana wengi hushauriwa kuongeza lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote. Ushauri huo ni mzuri, ila una kasoro moja ambayo husemwa mara chache. Sensa ya DSLR za wanaoanza ni ndogo kuliko fremu kamili ya milimita 36 kwa 24. Ya Canon ina kimo cha takriban milimita 15 tu, hivyo lenzi ya 50mm huonyesha eneo dogo tu, kama ambavyo lenzi ya 80mm ingefanya kwenye fremu kamili. Ukitaka kumpiga mtu mzima aliyesimama, kuanzia kilemba hadi viatu, ukiwa umeishika kamera kwa ulalo, itakubidi usimame umbali wa takriban mita sita. Chukua futi kamba, pima sebule yako. Ikiwa ina mita nne kutoka ukuta hadi ukuta, lenzi hiyo itakufaa kwa nyuso na mabega, lakini picha ya familia nzima juu ya mkeka hutaipata. Kwa chumba cha namna hiyo ningechagua lenzi ya 35mm f/1.8G ya Nikon iliyotengenezwa kwa sensa ndogo, au ile nyembamba ya 24mm f/2.8 STM ya Canon, ingawa hii ya pili haiingizi mwanga mwingi kama ile ya kwanza. Anayefuatilia ndege, au mechi za mpira za shule, aache kabisa lenzi hizi na atafute ya kuvuta ya 55-250mm au 70-300mm.

Kabla ya kulipia lenzi, hakikisha inaelewana na bodi. Katika Canon jambo hili ni rahisi: lenzi zote za mfumo wake wa EF, tangu mfumo huo uanze mwaka 1987, hufunga kwenye DSLR za sensa ndogo, na lenzi zenye autofokasi, yaani zinazojilenga zenyewe, zina mota yake ndani. Lenzi za EF-S, zilizotengenezwa kwa sensa ndogo, hazifungi kwenye DSLR za fremu kamili za kampuni hiyohiyo. Katika Nikon kuna mtego. Bodi za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600 hazina mota ndani yake, kwa hiyo lenzi za zamani zenye alama ya AF au AF-D zitaingia vizuri, zitalia kidogo zinapojifunga, lakini autofokasi haitafanya kazi na utalazimika kuzungusha pete kwa mkono. Kwa bodi hizo tafuta lenzi zenye alama ya AF-S. Bodi za D7000 hadi D7500 zina mota, na kama umerithi lenzi za zamani kwa mzazi wako, ni afadhali uongeze fedha ufike huko. Uamuzi huu pia unagusa miaka ijayo: lenzi za EF na za AF-S zinaweza kuendelea kutumika na autofokasi yake kwenye kamera zisizo na kioo za kampuni hizo kwa kutumia adapta, kwa hiyo lenzi utakayonunua leo haitakwenda bure utakapobadilisha bodi.

Majina yasikuchanganye. Canon 600D ya mwaka 2011 huitwa Rebel T3i Marekani na Kiss X5 Japani. Ni kamera ileile. Inayotoka Japani iwashe na ufungue menyu mbele ya muuzaji, uone kama ina lugha unayoielewa, maana si zote zilizo nayo.

Kwa kamera iliyotumika nenda mchana, ukiwa na kadi yako ya kumbukumbu na tochi ya simu. Piga picha, nenda nayo nyumbani au kwa rafiki mwenye kompyuta, kisha usome idadi ya mara ambazo shata imefanya kazi. Kamera za Nikon huandika idadi hiyo ndani ya faili lenyewe la picha. Nyingi za Canon zinahitaji programu maalumu. Shata za bodi za wanaoanza za Nikon hupimwa kudumu mara 100,000, hivyo iliyofikia 90,000 isiuzwe kwa bei ya iliyofikia 15,000. Kisha weka tundu kwenye f/16, piga ukuta mweupe, uvute picha kwenye skrini: madoa meusi yaliyotulia mahali pamoja katika kila picha ni vumbi juu ya sensa, na hilo husafishika. Angalia betri pia. Betri ya LP-E8 haiingii kwenye kamera inayotumia LP-E10, na kamera isiyokuja na chaja yake itakugharimu siku kadhaa za kutafuta.

Lenzi ndiyo inayohitaji jicho kali zaidi, hasa kwetu sisi wa pwani. Niliwahi kununua lenzi iliyotumika saa za jioni, ndani ya duka lenye taa kali za dari, nikaigeuza mara mbili mikononi nikaiona safi. Nilipofika nyumbani nilifungua tundu lote, nikaweka tochi nyuma yake na kuitazama kwa upande wa mbele, na ndipo nikaona nyuzi nyembamba zimetawanyika pembeni mwa kioo cha ndani kama utando wa buibui mdogo. Ni kuvu. Huota kwenye unyevu, hula hadi rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na kuiondoa kunaweza kugharimu kiasi kinachokaribia bei ya lenzi yenyewe. Tangu siku hiyo sitoi fedha kabla ya kufanya jaribio hilo la tochi palepale, na muuzaji akikataa naondoka.

Ukishanunua, usiiache lenzi yako kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka ndani vifuko vya silika, na uvibadilishe au uvikaushe vinapobadilika rangi. Usiweke mchele badala yake, kwa kuwa unga wake huingia kwenye pete za lenzi na kuzifanya zikwaruze kila unapovuta.