Jinsi ya kupanga siku moja ya familia mjini York

Mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, uko takribani saa mbili kwa treni kutoka London na karibu nusu saa kutoka Leeds, hivyo familia inaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni bila kulipia hoteli. Kabla ya kukata tiketi, tafuteni kadi ya punguzo iitwayo Family & Friends Railcard, ambayo hupunguza theluthi moja ya nauli ya mtu mzima na asilimia 60 ya nauli ya mtoto wa miaka 5 hadi 15. Wenye gari waliache kwenye maegesho ya Park & Ride nje ya mji na kupanda basi, kwani mitaa ya ndani ni finyu.

Nyuma tu ya kituo cha treni yapo Makumbusho ya Taifa ya Reli, ambayo hayana kiingilio, na watoto watataka kuanzia hapo. Msikubali. Mtoto akishaziona injini za mvuke, kumbembeleza atoke akaone kanisa ni kazi ya nusu siku.

Badala yake, vukeni daraja la Lendal, mpande ukuta wa mji kwenye lango la Bootham Bar na kuufuata hadi Monk Bar. Kipande hiki huzunguka nyuma ya kanisa kuu, York Minster, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kulitazama. Kwa kuwa upande wa ndani wa ukuta hauna kingo kila mahali, washikeni wadogo mkono. Kigari cha mtoto hakifai, maana kuna ngazi.

Kanisani kuna kiingilio, na Jumapili watalii husubiri ibada za asubuhi zimalizike. Muda mwingi utumieni mbele ya dirisha kuu la mashariki, ambalo fundi John Thornton alilitengeneza kati ya mwaka 1405 na 1408. Bebeni darubini ndogo, kwa sababu picha nyingi ziko juu mno kwa macho matupu: kileleni yupo Mungu, chini yake kuna safu za Agano la Kale zinazoanzia na uumbaji, kisha Ufunuo wa Yohana unashuka safu baada ya safu. Wapeni watoto kazi ya kumtafuta mnyama mwenye vichwa saba, na hamtasikia mtu akiuliza mnaondoka lini.

Nje, upande wa kusini, ameketi Konstantino wa shaba, aliyetangazwa kaisari mjini humu mwaka 306. Mimi huona inafaa zaidi kuwasimulia watoto wetu habari za Septimius Severus, kaisari mzaliwa wa Leptis Magna, katika Libya ya leo, aliyefia York mwaka 211.

Mtaa wa Shambles, uliokuwa wa wauza nyama na ambao ghorofa zake za juu zinakaribia kugusana, hautaki zaidi ya dakika kumi, kwa kuwa hujaa watu. Chakula mlichofungasha kileni kwenye bustani ya Museum Gardens, kando ya magofu ya abasia ya St Mary's, ambako watoto wanaweza kukimbia.

Kutoka bustanini rudini darajani, na sasa nendeni kwenye Makumbusho ya Reli, mkaione injini ya mvuke Mallard iliyofikia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Fikeni mapema alasiri na mchague treni ya kurudi inayoondoka baada ya makumbusho kufungwa.