Somo: Kufuatilia kimbunga kinachoelekea Beira ukiwa Lubumbashi

Ndugu wanachama, msimu wa vimbunga katika kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi huanza Novemba na kwa kawaida huisha Aprili, na katika miezi hiyo hiyo malori yanayobeba shaba yetu huendelea kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, kupita Zambia na Zimbabwe, kisha kuteremka kutoka Mutare hadi bandari ya Beira, Msumbiji. Naomba jambo moja lishikwe kabla ya mengine yote: kwa dereva aliye njiani, hatari haiishi kimbunga kinapoingia nchi kavu. Mara nyingi ndipo inapoanza, kwa sababu kinachokata barabara ni maji.

Hatua ya 1: Shika chanzo kimoja cha kuaminika. Kituo cha Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, kilichoko kisiwani La Réunion ndicho kilichokabidhiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani jukumu la kufuatilia vimbunga vya eneo hili, na taarifa zake zinapatikana kwa Kifaransa. Hutolewa kila baada ya saa 6, kwa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Ongeza saa 2 upate saa ya hapa Lubumbashi. Kwa tahadhari za wilaya na mito ya Msumbiji, sikilizeni idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo, INAM. Mkiona Wamarekani wametaja upepo mkali zaidi kwa kimbunga kile kile, msidhani kuna anayedanganya: wao hupima wastani wa dakika 1, La Réunion wastani wa dakika 10.

Hatua ya 2: Chora mwenyewe. Chukua ramani ya karatasi yenye mistari ya latitudo na longitudo, utie alama Beira karibu na 19.8 kusini na 34.9 mashariki, kisha kila taarifa inapotoka utie nukta mahali kitovu kilipo na uandike saa pembeni. Tufanye zoezi kwa tarakimu za kubuni. Saa 2 asubuhi kitovu kiko 38.5 mashariki, saa 8 mchana kiko 37.6, kwenye latitudo karibu ile ile ya Beira. Kimesogea nyuzi 0.9, na kwa kuwa huko uzi mmoja wa longitudo ni kama kilomita 105, kimekwenda kilomita 94 kwa saa 6, yaani karibu kilomita 16 kwa saa. Zimebaki nyuzi 2.7, takriban kilomita 283, ambazo kwa mwendo huo ni saa 18: kitovu kitafika saa 2 asubuhi ya kesho. Lakini ikiwa taarifa inasema upepo mkali umeenea kilomita 150 kutoka kwenye kitovu, upepo huo utaanza kuipiga Beira mapema zaidi, kati ya saa 4 na saa 5 usiku wa leo. Dereva apewe saa hiyo ya usiku, asipewe ile ya asubuhi.

Hatua ya 3: Soma pembe ya utabiri inavyopaswa. Lile umbo linalopanuka mbele ya kimbunga huonyesha mahali kitovu kinapoweza kupita. Halionyeshi upana wa upepo wala wa mvua. Aliye nje ya pembe bado anaweza kufurikiwa.

Hatua ya 4: Angalia upande. Huku kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kama mishale ya saa, kwa hiyo kinapoelekea magharibi, upepo wa upande wake wa kusini ndio unaosukuma bahari kuingia nchi kavu. Kisha uliza habari za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa zaidi, kwa kuwa Beira maji hupanda na kushuka kwa mita nyingi. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, mwezi ulikuwa nusu, na kipindi kilikuwa cha maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana. Ingekuwa bamvua, bahari ingeingia ndani zaidi.

Hatua ya 5: Usiache kufuatilia kimbunga kinaposhushwa daraja. Hapa ndipo naona wengi wetu tunafunga simu mapema mno. Baada ya Idai kupita, mvua iliyonyesha bara hadi milima ya Chimanimani ilijaza mito ya Búzi na Púnguè, uwanda ukawa ziwa, na barabara ya N6, ile ya kutoka mpaka wa Zimbabwe hadi Beira, ikakatika kwa siku kadhaa, kiasi kwamba Beira haikufikika kwa gari. Mwaka 2023, kimbunga Freddy kiliingia Msumbiji mwezi Februari, kikarudi baharini, kikaingia tena Machi kupitia Quelimane, na mamia ya watu wakafa Malawi, nchi isiyo na pwani, wengi wao kwa maporomoko ya udongo katika vitongoji vya milimani vya Blantyre.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mmoja wa Katuba, ambaye mumewe ni dereva: Papa, ofisi inamwambia aendelee, yeye anasema mawingu ni mabaya. Asimame wapi?

Jibu: Mama, asimame kabla ya kuteremka kwenye uwanda wa Púnguè, maana yake asivuke Inchope, njia panda iliyo mbele ya Chimoio. Mutare au Chimoio kuna mwinuko, ingawa huko nako aegeshe mbali na vijito na miteremko. Akikuta maji yanakatiza barabara kwa kasi, asiyajaribu hata kama lori limejaa mzigo. Ofisi ipelekewe taarifa ya La Réunion kwa maandishi, pamoja na saa ilipotolewa.

Kijana wa Kampemba: Kwa nini kimbunga kinageuka nyuma?

Jibu: Ndugu, kimbunga hubebwa na pepo za juu zinazozunguka maeneo ya mgandamizo mkubwa wa hewa. Pepo hizo zikidhoofika au zikivutana, kimbunga husita au hurudi. Kinachosita ndicho cha kuogopwa zaidi, kwa kuwa humimina mvua mahali pamoja.

Mzee wa Ruashi: Kinaweza kufika kwetu?

Jibu: Kama kimbunga, hapana, Mzee wetu. Nguvu yake hutoka kwenye bahari yenye joto, na kutoka Beira hadi hapa ni zaidi ya kilomita elfu moja za nchi kavu.

Mama mfanyabiashara wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi: Mzigo wangu unapitia Dar es Salaam. Je, niko salama?

Jibu: Karibu na ikweta vimbunga ni haba, Mama, lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na kisiwa cha Mafia, na mafuriko yakakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Malori yetu hupita Tunduma, mpakani mwa Zambia na Tanzania, na Morogoro, si Lindi. Hata hivyo, bandari inaweza kusimamisha kazi kwa sababu ya upepo, kwa hiyo piga simu kwa wakala wako kabla lori halijaondoka Tunduma.