Tairi la tela likipasuka, anza na mizani kabla ya duka

Tairi la kwanza la tela langu, karavani ya kulala inayovutwa na gari, lilipasuka likiwa bado na meno ya kutembea miaka miwili. Nilikuwa kwenye kilomita 90 kwa saa, barabara kavu, sijagonga kitu. Nilisikia mlio kama turubai linalopigwa na upepo, nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni, nikaona vipande vyeusi vinaruka. Uso wa tairi ulikuwa umebanduka wote kama ganda, na kila ulipozunguka ulichapa bati la juu ya gurudumu hadi likang'oka, na bomba la maji machafu likaenda nalo. Nikanunua lingine la aina ileile na saizi ileile. Miezi saba baadaye likafanya vilevile, upande uleule.

Kwa muda nililaumu duka. Kumbe tatizo lilikuwa hesabu ambayo sikuwahi kuifanya, na leo kila anayeniletea karavani yenye kilio cha matairi namfanyisha hesabu hiyo kabla hajatoa pesa mfukoni.

Hatua ya 1: Lisome tairi lililokufa

Usilitupe. Lipindue uangalie ndani. Ukikuta unga mweusi kama masizi na ubavu umesagika kuzunguka tairi lote, lilitembea na upepo mdogo, pengine kwa muda mrefu. Dereva wa tela halihisi tairi lililolegea, maana usukani hauvuti wala kiti hakitikisiki. Ukikuta mpasuko wa umbo la nyota au msalaba upande wa ndani, hapo ni shimo au ukingo wa barabara ulioupanda kwa nguvu. Nyufa nyembamba ubavuni ni jua na uzee.

Uso uliobanduka huku mwili wa tairi umebaki mzima, kama wangu, ni kazi ya joto. Mpira unaoshika mikanda ya chuma umechoka ukaachia. Joto hilo huletwa na mzigo, upepo pungufu, mwendo au umri, na mara nyingi mawili au matatu yanasaidiana. Tela la ekseli mbili lina adhabu ya ziada: ukikata kona kali sana, kama unaporudi nyuma kuliegesha, magurudumu yanaburuzwa kwa ubavu na mikanda inasukumwa huku na huku. Ndiyo sababu matairi ya tela hufa kabla meno hayajaisha, na ndiyo sababu kuangalia meno tu hakukusaidii.

Meno yakiwa yameliwa upande mmoja, shughulikia ekseli kwanza. Mara nyingi imepinda au imekaa vibaya, na tairi jipya halitainyoosha.

Hatua ya 2: Pima kila gurudumu

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka. Pakia tela kama siku ya safari: maji, gesi, nguo, vyombo, baiskeli, kila kitu. Lifunge kwenye gari linalolivuta, kisha nenda kwenye mizani. Uzito wa tela zima haukutoshi, na hata wa ekseli moja hautoshi, kwa sababu ndani ya karavani jiko, friji na tangi la maji mara nyingi vimekaa upande mmoja. Ukipata mizani ndogo za kuweka chini ya gurudumu moja moja, hizo ndizo bora.

Kwangu gurudumu la nyuma kushoto lilisoma kilo 960. La kulia kwake lilisoma 790. Tairi nililokuwa nikilinunua kila mara, ST225/75R15 la daraja C (herufi ya daraja huonyesha uwezo wa kubeba mzigo), uwezo wake wa mwisho ni kilo 975 likiwa na PSI 50, yaani kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi. Nilikuwa nimebakiza kilo 15. Asubuhi moja upepo ukipungua kidogo tu, tairi limeshazidiwa kabla safari haijaanza.

Mimi nataka mzigo usivuke asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wa tairi.

Hatua ya 3: Soma ubavu wa tairi jipya

Herufi ST zinamaanisha tairi limetengenezwa kwa ajili ya tela. LT ni la gari la mizigo mepesi, na kwingine utakuta herufi C mwishoni mwa saizi kwa kazi hiyohiyo. Angalia usichanganye: C hiyo ya mwisho wa saizi si daraja C nililolitaja juu. Tairi la gari dogo la abiria silifungi kwenye karavani. Hata kanuni za Marekani hutaka uwezo wake ugawanywe kwa 1.1 likienda kwenye tela.

Saizi moja inaweza kuwa na madaraja kadhaa. Hiyo ST225/75R15 katika daraja D hubeba kilo 1,150 kwa PSI 65, na katika daraja E kilo 1,285 kwa PSI 80. Mzigo unabebwa na upepo, mpira ni mfuko tu. Ukifunga E ukalijaza PSI 65, umenunua uwezo wa D kwa bei ya E.

Kisha tafuta herufi ya mwendo. L ni kilomita 120 kwa saa, M ni 130, N ni 140. Tairi la ST lisilo na herufi hiyo huhesabiwa kuwa mwisho wake ni maili 65, yaani kama kilomita 105. Hata likiwa na N, mimi sivuti tela kwa mwendo huo. Herufi ya juu naichukulia kama akiba ya kustahimili joto.

Mwisho, tarehe. Baada ya herufi DOT kuna mfuatano unaomalizika na tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarehe imeandikwa upande mmoja tu, nao ukawa umeelekea ndani. Piga magoti uitafute. Tairi "jipya" lililolala dukani miaka mitatu silichukui. La kwangu likifika miaka mitano naliondoa, hata liking'aa.

Hatua ya 4: Ringi na valvu

Ringi nayo ina ukomo wa mzigo na wa upepo, na mara nyingi umegongwa nyuma yake. Zangu zilikuwa za PSI 65, kwa hiyo daraja E likafutika, nikabaki na D. Kilo 960 kwa 1,150 ni asilimia 83, imo mpakani. Nikahamisha betri na sanduku la spana upande wa kulia, nikapima tena: kilo 900, asilimia 78. Kazi hiyo haikunigharimu hata senti, na nadhani ilisaidia kuliko matairi yenyewe.

Valvu za kawaida za mpira nyingi zinaishia PSI 65. Ukipanda juu ya hapo, weka za chuma za kufunga kwa nati. Usirudishe valvu ya zamani kwenye tairi jipya.

Hatua ya 5: Kufunga

Badilisha yote kwa pamoja ikiwezekana, na la akiba usilisahau, nalo linazeeka likining'inia. Usichanganye tairi la radiali, lenye R kwenye saizi, na lisilo la radiali katika ekseli moja. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa nyota, kwa kiwango alichotoa mtengenezaji. Baada ya kilomita 80 hivi, simama uzikaze upya.

Hatua ya 6: Upepo na barabara

Pima asubuhi, tairi likiwa baridi na jua halijalipiga. Mimi najaza kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, mradi ringi inakiruhusu. Ukipima mchana njiani ukaona 65 imekuwa 74 au 75, usitoe upepo! Ni joto tu. Ukiutoa, kesho asubuhi tairi litaanza safari likiwa pungufu.

Kila kituo zunguka tela na kipimajoto cha mwale, au hata kiganja. Linganisha magurudumu kati yao. Moja likiwa na moto kuliko wenzake, tafuta upepo uliopungua, breki inayoshika au beringi inayokufa. Vipima upepo vinavyotuma taarifa kwa dereva vinafaa sana, ingawa tairi ambalo uso wake unaanza kubanduka bado lina upepo wake kamili, kwa hiyo havitakuambia.

Huo utauona kwa mkono. Pandisha tela kwa jeki, zungusha gurudumu taratibu huku kiganja kimelala juu ya meno. Uso mzuri unapita chini ya mkono kama meza. Mwaka jana, kwenye tela la mteja mmoja, mkono wangu ulipanda kidogo, kama kuna nusu ya limau chini ya mpira, ukashuka. Upepo ulikuwa sawasawa, meno mazuri, tairi la miaka minne. Tulipolikata, mikanda miwili ya chuma ilikuwa imeachana kwa upana wa kiganja, na katikati yake mpira umesagika kuwa unga.