Namna ya Kuifanya Kazi ya Uhudumu Mgahawani Kuwa Ajira ya Kutegemewa

Mwenye mgahawa nchini Tanzania anayelalamika kwamba wahudumu wake hawakai aikague kwanza ratiba ya zamu, kabla hajakagua tabia za watu. Mhudumu asiyejua leo kama kesho ataingia asubuhi au jioni hawezi kupanga nani atabaki na mtoto, wala hawezi kuahidi kodi ya chumba ikiwa siku zake za kazi hupunguzwa kila wateja wanapopungua. Ratiba ibandikwe wiki mbili kabla, na anayebadilishiwa zamu aulizwe kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ichukuliwe kuwa mahali pa kuanzia tu: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kila saa ya kazi ya usiku iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Nyongeza hiyo haitoshi nauli ya bodaboda kwa mtu anayefunga mgahawa saa 6 usiku, daladala zikiwa zimeadimika. Kwa hiyo usafiri wa kuwarudisha nyumbani uhesabiwe katika gharama za biashara, kama unavyohesabiwa mkaa au gesi.

Fedha za kugharimia haya, kwa sehemu kubwa, zinapotelea jikoni. Menyu ndefu huozesha nyama na mboga, humchosha mpishi, na humrudisha mhudumu mezani mara kwa mara kumwambia mteja kwamba alichoagiza kimekwisha. Pitia mauzo ya miezi 3 iliyopita, uondoe vyakula ambavyo haviagizwi, kisha muda na fedha vitakavyookolewa uvitumie kuongeza mtu mmoja kwenye zamu yenye msongamano. Mhudumu wa meza afundishwe pia kazi ya kaunta na ya kupokea bidhaa, ili saa za utulivu apate la kufanya badala ya kurudishwa nyumbani bila malipo. Lakini ujuzi huo usigeuzwe kisingizio cha kumbebesha kazi za watu wawili kwa wakati mmoja.

Jambo linalovunja moyo kuliko yote ni makato. Niliwahi kukatwa mshahara kwa sababu ya meza ya watu walioondoka bila kulipa, nami sikuitwa hata kuulizwa. Tangu siku hiyo niliwatazama wateja kama wezi, na hakuna huduma nzuri inayotolewa kwa macho ya namna hiyo. Sheria inataka kosa liwe la mfanyakazi mwenyewe, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ni bora zaidi kumpa mhudumu mamlaka yenye kiwango kilichoandikwa, kwa mfano kubadilisha sahani iliyopoa bila kumtafuta msimamizi.

Bakshishi isihesabiwe kuwa sehemu ya mshahara, na mgawanyo wake kati ya mezani na jikoni uamuliwe na wafanyakazi wenyewe. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), ambao ni asilimia 20 ya mshahara na angalau nusu yake hutoka kwa mwajiri, upelekwe kila mwezi, na kila mmoja aoneshwe uthibitisho kwamba umefika.