Kupiga picha za njiwa wa mjini

Chuchumaa kwanza. Ukipiga ukiwa umesimama, njiwa anakuwa doa la kijivu juu ya lami ya kijivu. Ukishusha kamera hadi usawa wa jicho lake, nyuma yake inaingia miguu ya wapita njia, magurudumu na milango ya maduka, na hapo ndipo mtaa unapoonekana. Lenzi ya milimita 35, inayoona eneo pana, inatosha. Ya 200, inayovuta karibu, itakupa ndege mzuri, lakini mtaa utapotelea kwenye ukungu.

Njiwa akitembea, kichwa husogea mbele ghafla, kisha hutulia kidogo huku mwili ukikifuata. Bonyeza kinapotulia; kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde inatosha. Kundi likiruka, panda hadi 1/2000, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iwe 800 au zaidi, fokasi iwe ya kufuatilia, na upige mfululizo. Ukitaka mabawa yaache michirizi, shuka hadi 1/30. Usiwakimbize, maana watakupa migongo tu. Subiri mpita njia awarushe kuja upande wako.

Mbele ya anga jeupe njiwa hugeuka vivuli vyeusi. Ongeza mwanga kwa stopu 1, yaani mara mbili.

Rangi, au nyeusi na nyeupe? Tazama shingo. Mng'ao ule wa kijani na zambarau hutokana na jinsi manyoya yanavyorudisha mwanga, hivyo huja na kupotea kadiri pembe inavyobadilika. Ukiupata, acha rangi. Jua la pembeni lenye vivuli virefu hupendeza zaidi bila rangi. Piga kwa RAW, faili ghafi inayohifadhi rangi zote, uamue baadaye.