Taa ndogo ya usiku kwa mtoto anayeogopa giza: namna ya kuichagua na kuiweka

Mtoto wa miaka mitatu au minne akianza kulilia taa wakati wa kulala, usidhani anadeka. Ndio umri ambao akili hujifunza kuwaza visivyoonekana: inayogeuza boksi kuwa gari mchana hugeuza koti lililotundikwa mlangoni kuwa mtu usiku. Taa humsaidia kuliona koti kuwa ni koti, na kwa kazi hiyo mwanga kidogo unatosha.

1. Jilaze kitandani kwake. Hii fanya kabla ya kununua chochote. Zima taa, ingia ndani ya chandarua, subiri macho yazoee, kisha tazama anachokiona yeye: mikunjo ya chandarua, pazia linalopepea, nguo kwenye msumari. Mwulize "kinachokutisha kinakaa wapi?" kwa kuwa wengi hunyoosha kidole kabla hawajaweza kueleza. Kinachoondoleka, kiondoe. Kama kinachomtisha ni sauti, mathalani panya darini au mabati yanayolia yakipoa, taa haitasaidia sana. Mweleze mchana sauti hiyo inatoka wapi.

2. Chagua taa. Tafuta ya LED, wati 1 au pungufu, yenye mwanga wa rangi ya machungwa au nyekundu. Mwanga mweupe unaoelekea bluu hupunguza melatonini, homoni inayoleta usingizi, na macho ya watoto hupitisha mwanga mwingi kuliko yetu. Ndiyo maana kumwachia taa ya dari au simu humchelewesha kulala. Kuhusu LUKU usihofu: wati 1 kwa saa 10 kila usiku haifiki nusu uniti kwa mwezi.

Koroboi na mshumaa, hapana kabisa. Chandarua hushika moto upesi, na moshi wa mafuta ya taa unamwingia kifuani usiku kucha. Pasipo umeme, tumia taa ya sola iliyochajiwa mchana. Taa ya betri ndogo za duara iwe na kifuniko cha skrubu. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2, hivyo mkimbize hospitali hata kama anacheza vizuri.

3. Iweke chini, isimmulike usoni. Ielekeze kwenye ukuta mtupu, mbele yake pasiwe na kitu, maana kiti kilicho karibu na taa hutupa kivuli kikubwa kuliko kiti chenyewe. Kisha jilaze tena ukague.

4. Awashe mwenyewe. Mkabidhi swichi. Jioni chezeni na vivuli vya mikono ukutani, ajue kivuli kinavyotengenezwa. Mpe na tochi ndogo ya kuweka karibu na mto, kwa usiku ambao umeme utakatika, na mweleze mapema kwamba huwa unakatika.

5. Iache iwake mpaka asubuhi. Watoto huzinduka kidogo mara kadhaa usiku. Aliyelala kwenye mwanga akizindukia gizani hushtuka, na kilio huanza upya.

Nyumba nzima ikubaliane, kuanzia bibi hadi dada wa kazi: hakuna kumtishia "zimwi litakuja kukuchukua". Mimi pia siafiki kumulika uvunguni kulifukuza zimwi, kwani humthibitishia kwamba lipo.

6. Punguza taratibu. Akishatulia kwa wiki kadhaa, isogeze taa mlangoni, baadaye ukumbini. Akiugua, mkihama au akipata mdogo wake, huenda akaitaka tena. Mrudishie bila kumcheka.

Hofu ikidumu miezi 6 na kumnyima usingizi, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya watoto. Na kama imeanza ghafla pamoja na kumkwepa mtu fulani, msikilize faraghani, usimkaripie. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure Tanzania na Kenya.